Jibini ya Jumatatu

Mimi niliolewa na Marceau Delpeuch, lakini pamoja naye nikaletewa timu nzima ya mpira. Kwa zaidi ya miaka thelathini mume wangu amekuwa kocha wa Chaumérac, mji wetu huu mdogo wa milimani ambao watu wa Clermont huukumbuka tu theluji ikifunga barabara. Aliichukua timu ikicheza na vijiji, akaifikisha daraja la pili, ikashuka, akaipandisha, ikashuka tena. Makocha wengine wa Ufaransa hubadilishwa kama nguo. Wangu hakuna aliyemgusa. Wachezaji aliowafundisha zamani wameleta watoto wao, na hao nao amewatukana kwa maneno yaleyale.

Msiniulize habari za mkataba. Kwetu mkataba ni jibini. Jumatatu baada ya mechi ya mwisho ya msimu, mwenyekiti wa klabu, Aurélien Vidalenc, ambaye ni mtu wa ng'ombe na maziwa, huja kwetu baada ya chakula cha mchana na jibini nzima aliyoitengeneza mwenyewe. Anaiweka mezani. Marceau akiikata, basi yumo msimu unaofuata. Mpira wenyewe hautajwi hata kidogo. Aliyeanzisha mambo hayo ni marehemu baba yake Vidalenc, na mtoto akarithi uenyekiti na jibini kwa pamoja. Na kuiacha bila kuikata haiwezekani. Mtu akikuletea jibini aliyoigeuza na kuipangusa ikikomaa kwa wiki chungu nzima, usipoikata mbele yake ni afadhali umzabe kibao.

Sasa, mwezi wa pili Marceau alianguka. Alikuwa pembeni ya uwanja akimfokea beki wa kushoto, akanyamaza ghafla. Mimi niliyekuwa jukwaani nikajua palepale kwamba kuna jambo, maana mtu huyu hajawahi kuacha tusi nusu. Daktari alisema ni moyo. Alisema msimu mwingine wa kelele na baridi utaniacha mjane. Marceau akaniapia akiwa kitandani hospitalini kwamba tukimaliza mechi ya mwisho, basi.

Nilimwamini mpaka siku ya mechi hiyo. Tulinusurika kushuka daraja kwa goli la dakika za mwisho, uwanja mzima ukaimba jina lake, naye akavua kofia akawapungia. Njiani kurudi nyumbani akaanza kuniambia kwamba yule beki wa kushoto, akipata mtu wa kumsaidia, mwakani atakuwa hatari. Nikajua kiapo kimeshasahauliwa.

Jumatatu asubuhi, yeye akiwa bustanini, nilikusanya visu vyote vya nyumba. Cha mkate, cha nyama, vidogo vya mezani, hata kile butu cha kumenyea viazi. Nikavifunga ndani ya aproni na kwenda kuvificha kwenye banda la kuku. Sioni aibu kusema. Ningeificha hata meza yenyewe kama ningeweza kuibeba.

Vidalenc alifika amevaa koti lake la Jumapili, na jibini kubwa kuliko zote alizowahi kuleta. Nilimchukia. Nilimmiminia kahawa bila hata kumuuliza hali ya mkewe. Wakazungumza habari za majani, za mvua, za ndama aliyezaliwa vibaya, za harusi ya binti wa mwoka mikate. Vidalenc alikuwa anatoka jasho, nami nikadhani ni kwa sababu ya kupanda mlima. Mwishowe maneno yakawaishia, wakabaki wanaitazama jibini.

"Huguette, tuletee kisu," Marceau akasema.

"Hakuna kisu humu ndani."

"Hakuna vipi?"

"Vyote vimepelekwa kunolewa."

"Vyote? Na mkate tutaupasua kwa shoka?"

"Mikono si mnayo? Umegeni."

Vidalenc akadakia upesi kwamba si neno, kisu kikikosekana kimekosekana, jibini haina haraka. Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini sikuwa na nafasi, maana nilimwona Marceau anapeleka mkono mfukoni. Huku kwetu mwanamume hupewa kisu cha kukunja siku anapoanza kwenda malishoni na baba yake, na hakitoki mfukoni mpaka afe. Wengine huzikwa nacho. Nimefua suruali za mtu huyu maisha yangu yote, kila wiki nakitoa kisu hicho na kukirudisha. Asubuhi hiyo nilikisahau.

Akakifungua. Akakifuta kwenye suruali, akaweka makali juu ya jibini.

Nilitaka kumkumbusha hospitali na kiapo chake, lakini si mbele ya mgeni. Nilimpenda sana saa ile, na nilitamani kumpiga kwa birika la kahawa.

"Usikate, Marceau," Vidalenc akasema.

Alikuwa ameifunika jibini kwa kiganja chake, na kisu kilikuwa karibu kabisa na vidole. Aliendelea bila kututazama.

"Ile siku ulipoanguka ni mimi niliyekushika miguu. Ulikuwa mzito kama maiti. Tangu hapo naomba usikate. Na hata kabla ya hapo, kusema kweli. Umechoka, rafiki yangu."

"Sasa jibini umeileta ya nini?"

"Nisingeileta, mji mzima ungesema nimekufukuza. Baba angetoka kaburini anizabe. Na wewe, mbona kila mwaka unakata?"

Marceau alikiondoa kisu juu ya jibini.

"Kwa sababu unaileta," akasema. "Nimetaka kuacha tangu mwaka ule tuliofungwa nyumbani na wale wa Aurillac. Lakini unaingia hapa na jibini yako, na macho kama ya ndama. Ningeiachaje?"

Wakatazamana. Vidalenc ndiye aliyeanza kucheka, kisha Marceau, akacheka mpaka akashika kifua, nikaruka, kumbe ni kicheko tu. Nikakaa kitini nikalia, wala sikujificha. Mzigo niliokuwa nimeubeba tangu majira ya baridi uliniteremka mabegani.

Ikabaki jibini. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Vidalenc hangeweza kuteremka nayo barabarani mbele ya madirisha ya watu, na kuiacha nzima ilikuwa matusi. Nikakichukua kisu mkononi mwa mume wangu.

"Mimi sijawahi kufundisha mpira," nikawaambia. "Nikikata mimi, hakuna aliyeahidi kitu."

Nikaikata, vipande vinene. Marceau akatafuna polepole, akaacha kidogo, akaendelea.

"Aurélien, jibini yako ina chumvi nyingi."

"Chumvi ni ileile ya siku zote. Tangu enzi za baba."

"Basi siku zote ilikuwa nyingi."

Miaka yote hiyo alikuwa anaimeza tu, hajawahi kuionja. Vidalenc akanuna, akamwambia mtu wa mpira anajua nini kuhusu jibini, naye Marceau akamjibu alivyokuwa akiwajibu waamuzi. Nikawaacha, nikatoka kwenda kwenye banda la kuku kuchukua visu vyangu. Kelele za mume wangu zilinifuata mpaka huko nje, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi hazikunitia hofu.