Kicheko Kilichonyimwa Viza

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Mzee Picha alifungua studio yake, akafagia, akakipiga pasi kitambaa cheupe cha nyuma ya kiti, kisha akamtoa mteja wa kwanza kicheko na kukitia kwenye kikopo. Mteja alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya baba yake mpaka skrubu ya mwisho, na alipoirudisha ikawa inashika stesheni mbili zaidi. Alikuwa amekuja kupiga picha ya viza.

Mzee Picha alikuwa na utaratibu wake. Picha ya viza inataka uso usioonyesha chochote: masikio yote mawili yaonekane, mdomo ufungwe, macho yatazame mbele. Watu walikuwa wakirudishwa kwa pembe moja tu ya mdomo iliyoinuka. Miaka mingi nyuma alichoka kubishana na wateja. Akawa anawasimulia kitu cha kuchekesha, anakinga kikopo cheusi cha filamu chini ya kidevu, kicheko kikishatoka chote anafunika. Halafu anabandika plasta, anaandika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, na kukipanga rafuni. Picha zikiwa tayari, mtu anachukua picha zake na kicheko chake anakwenda zake. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kuzungumziwa. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa na visa vikubwa zaidi.

Bisibisi alisimuliwa habari ya bwana harusi aliyechelewa, akaingia ukumbi usio wake, na akapigwa picha arobaini kabla hajamtazama vizuri bibi harusi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Picha alifunika kikopo, na uso wa binti ukatulia tuli.

Alhamisi alirudi kuchukua vitu vyake. Umeme ulikuwa umekatika. Mzee Picha aliingiza mkono rafuni, akasogea na kikopo mpaka mlangoni penye mwanga, akasoma jina la ukoo, akampa.

"Usikifungue mpaka siku ya mahojiano," alimwambia. "Uso ukirudia kucheka, hautafanana tena na picha. Kifungue pale pale kwenye geti la ofisi ya viza, vuta pumzi moja, ingia."

Siku ya mahojiano ilikuwa baada ya wiki tatu. Kwa wiki tatu hizo Bisibisi alikaa bila kucheka, akila, akilala, akipanga karatasi. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea ufundi wa mashine za hospitali, na barua ilisema aripoti kabla ya tarehe nne Septemba, bila hivyo nafasi imekwenda. Hakuichagua kazi hiyo hivi hivi. Mama yake alikuwa mfuaji katika hospitali ya wilaya, na katika hospitali hiyo mashine ya picha za kifua ilikuwa imekufa mwaka wa tatu sasa. Walikuwa wameifunika shuka, na kila Jumatatu mama aliitoa shuka hiyo, akaenda nayo nyumbani, akaifua, akaipiga pasi, akairudisha, kana kwamba kuna mgonjwa chini yake. Hata kipimo cha kifua alichotakiwa kukipeleka kwa ajili ya viza, Bisibisi alikifuata mji wa pili, safari ya saa tano.

Masharti yalikuwa kumi na manne. Barua ya chuo, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, kipimo cha kifua, barua ya mahali atakapolala, taarifa ya benki ya mjomba wake aliyekubali kumdhamini baada ya kubembelezwa miezi miwili, na mengineyo. La kumi na nne lilikuwa fupi: kicheko halisi cha mwombaji, si nakala.

Siku ilipofika, mama aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la shughuli. Getini mlinzi alichukua simu zao na chupa ya maji. Bisibisi alifungua kikopo, akavuta pumzi. Alihisi kifua kimekuwa kizito kidogo, akadhani ni woga. Waliingia, mama akakaa kwenye viti vya kusubiria, binti akaitwa dirisha namba tatu.

Afisa wa dirisha hilo alikuwa mtu mwenye mvi na nidhamu. Aliuliza kwa nini chuo hicho, nani anamlipia, na akimaliza atakwenda wapi. Bisibisi alijibu kwamba akimaliza atarudi, maana kuna mashine inamsubiri chini ya shuka. Afisa aliandika. Aligeuza karatasi moja moja, akapiga tiki kumi na tatu, akainamia kipaza sauti.

"Sharti la kumi na nne. Cheka."

Binti akacheka. Kicheko kilianza na kikohozi, kikashuka ngazi tatu, kizito, cha mtu mwenye kifua kipana, kikamalizikia puani kwa mluzi. Kwenye viti vya kusubiria mama alikuwa ameshasimama kabla hajajua kwa nini amesimama.

Kicheko hicho alikijua. Aliolewa nacho. Kilikuwa cha mume wake, mchomeleaji wa mageti na madirisha, aliyekufa miaka sita iliyopita, na mara ya mwisho mama kukisikia ilikuwa miaka mitano kabla ya kifo hicho. Mkoba ukamdondoka pale pale, mbele ya watu.

Afisa alibonyeza bonyeza kompyuta yake. Alisikiliza kitu kwenye vidude vya masikioni, akavivua.

"Kicheko hiki tunacho kwenye kumbukumbu," alisema. "Kiliombewa viza miaka kumi na moja iliyopita, mafunzo ya uchomeleaji, miezi sita. Kikakataliwa. Mwombaji hakuturidhisha kwamba angerudi kwao."

"Ni baba yangu," Bisibisi alisema.

"Hakwenda popote," mama alisema kutoka nyuma, ingawa hakuulizwa. "Amezikwa dakika ishirini kutoka hapa."

Afisa alisema hilo halikuwemo kwenye fomu ya wakati ule. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kuwasilisha kicheko cha mtu mwingine ni udanganyifu, na adhabu yake ni kutoomba tena kwa miaka kumi. Alipiga muhuri, akasukuma karatasi chini ya kioo, akamwita anayefuata. Bisibisi aliikunja karatasi mara nne kama risiti ya dukani.

Njiani mama alitembea mbele mpaka kwenye kona ya duka la dawa. Hapo alisimama. Alisema kwamba miaka mitano alilala na mtu asiyecheka, akampikia, akamfulia, na kila siku akijiuliza amemkosea nini. Alikuwa ameomba radhi kwa mambo ambayo hakuyafanya. Aliomba radhi hata kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye naye hakuwa na kosa. Mume alikuwa akimjibu kwamba hana neno, na uso wake ulikuwa kweli hauna neno.

"Kumbe alikiacha kwa mpiga picha," alisema. "Mimi nikadhani amenichoka."

Walimkuta Mzee Picha akikata picha kwa mkasi. Alipoelezwa hakubisha. Aliingiza mkono rafuni mpaka kwenye kwapa, akatoa kikopo cha pili chenye jina lile lile la ukoo, kisafi, cha wiki tatu, akakaa chini.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Alipokataliwa alikuja hapa. Nikamwambia, baki na kicheko chako, bwana, nenda nacho nyumbani. Akasema nikitunze, dirishani wamemwambia anaweza kuomba tena. Hakutaka kije kichakae kabla hawajamwita."

"Miaka mitano?"

"Kila mwisho wa mwezi alipita kukiangalia. Anakishika, anakitikisa kidogo sikioni, anakirudisha."

Mama alitazama rafu. Vilikuwepo vikopo zaidi ya mia, vingine plasta imegeuka rangi ya chai. Aliuliza kama vyote hivyo vina wenyewe. Mzee Picha akasema vyote vina wenyewe, wanasubiri kuitwa. Mama aliwafikiria wake za watu hao.

Kesho yake watatu hao walirudi dirisha namba tatu. Mzee Picha alikuwa amevaa tai. Alieleza umeme ulivyokatika, plasta zilivyofanana, na kwamba makosa ni yake, aadhibiwe yeye, maana yeye hana pa kwenda. Afisa alikipokea kikopo cha pili, akakifungua karibu na kipaza sauti. Ukumbi wote ukasikia kicheko chembamba cha msichana, cha kukimbiakimbia, mpaka mlinzi mmoja akatabasamu na kujirekebisha. Afisa alilinganisha, akakubali kwamba hiki ndicho cha mwombaji.

"Basi mmeona," mama alisema.

Afisa alisema ndiyo, wameona. Lakini fomu ina swali la thelathini na moja: je, umewahi kutumia kicheko kingine? Mwombaji alijibu hapana. Alipotia saini ilikuwa kweli, na jana getini ikaacha kuwa kweli, naye hakuja kurekebisha. Bisibisi alisema jana getini hakujua. Afisa akasema kutojua nako kungeandikwa, kama angekuja kuandikisha. Alikuwa mtu wa adabu. Alikifunika kikopo vizuri, akakirudisha chini ya kioo kwa mikono miwili.

Tarehe nne Septemba ikafika, ikapita kama siku nyingine yoyote. Tarehe kumi na moja ikaja barua ya chuo. Walisikitika kwamba hakuripoti, nafasi wamempa mwingine, wanamtakia kila la heri katika mipango yake ya baadaye. Bisibisi aliisoma akiwa jikoni. Alipofika kwenye mipango ya baadaye alicheka, na kwa kuwa kicheko cha kwake kilikuwa bado kimefungwa kwenye kikopo juu ya kabati, kikatoka cha baba: kikohozi, ngazi tatu, mluzi.

Mama alikuwa uani, anaanika.

"Nini tena, baba watoto?" aliitikia, kwa sauti ambayo Bisibisi hakuwahi kuisikia.

Binti alipotoka nje alimkuta amesimama na shuka ya mashine mkononi, ncha yake moja imeburuza mchangani. Mama hakulia. Alisema shuka imechafuka, akairudisha kwenye beseni.

Jumamosi Bisibisi alichukua kikopo juu ya kabati, akaenda studio, mama akamfuata. Binti alikuwa ameshapiga hesabu zake: miaka kumi ikiisha atakuwa na miaka ishirini na tisa, na chuo kile kinapokea mpaka watu wa thelathini na tano. Alimweleza Mzee Picha kwamba anataka amtunzie kicheko, kikae kipya, asije akaambiwa siku hiyo kwamba kimebadilika.

"Mwanangu, usikiache hapa," mama alisema. "Nakuomba. Nimeshaishi na jambo hili."

"Sikai bila kicheko, mama. Nina cha baba."

Usiku wa kuamkia siku hiyo ni mama mwenyewe aliyemsimulia binti habari za kuchekesha mpaka saa tano, moja baada ya nyingine, ili akisikie.

Mzee Picha alibandika plasta mpya juu ya ile ya zamani. Aliandika jina la ukoo, na safari hii akaongeza la kwanza. Akauliza aandike kitachukuliwa lini.

"Andika, watakaponiita."

Mzee Picha akaandika. Alikirudisha kikopo nyuma kabisa ya rafu, mahali ambapo kwenye vumbi palikuwa bado na duara la kikopo kilichotangulia, na kikakaa sawasawa.

Mama alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kile cha wateja, mbele ya kitambaa cheupe, mdomo umefungwa, macho yametazama mbele, na usoni hamna kitu. Mzee Picha alimtazama, na kwa mazoea tu akamwambia ainue kidevu kidogo.