Tafsiri ya Marhoon

Ijumaa ile Sleyum, aliyenipita urefu, alipanda ubao wa mawimbi kule pwani ya Yiti, karibu na Maskati, akasimama wima juu ya wimbi kama mtu aliyesimama barazani kwao, na ami Mahfoudh akampigia makofi. Mimi ami hajawahi kunipigia makofi, ingawa ni mtoto wa ndugu yake, na kazi ya ukarani kwenye kampuni ya mafuta niliipata kabla Sleyum hajaijua njia ya Matrah. Roho iliniuma. Sote wawili tulikuwa tumemposa binti wa ami, Kheiria, na jibu lilikuwa bado.

Kwa desturi, haki ya kwanza ni ya mtoto wa ami. Lakini Kheiria alisoma skuli Unguja mpaka darasa la kumi, na ami alikuwa ameapa kumuuliza yeye mwenyewe anamtaka nani.

Wiki ileile mhandisi mmoja Mwingereza aliniazima mashine ya sinema na mkanda wa mchezo wa televisheni, kitu ambacho Maskati ya 1969 wengi wetu tulikisikia tu. Nikavipeleka kwa ami baada ya alasiri. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe katikati ya sebule: wanaume upande huu, wanawake upande wa pili, wakiiona picha ileile kinyumenyume. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa sababu ami na wengi wa wageni wake hawakujua Kiingereza.

Mchezo ulihusu vijana wawili wanaoshindana kupanda mawimbi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na msichana mmoja wanayemgombea. Yule mrefu alishinda kila mara. Nilimchukia tangu alipotokea. Kwenye shindano la mwisho ubao wake ukakatika majini, nusura afe. Kisha yule mfupi akamwendea baba wa msichana, machozi yanamtoka, akasema, "Ubao nimeuharibu mimi. Nilimwonea wivu."

"Kasemaje?" ami akaniuliza.

Kinywa changu kilijibu kabla sijakizuia. "Anasema, 'Usimwoze binti yako yule mrefu. Ana mke kamtelekeza kwao.'"

Wanaume wakaguna, macho yakamgeukia Sleyum. Nyuma ya shuka kukapita mnong'ono. Sleyum alikuwa amekaa karibu na mashine, na Kiingereza alikijua kunishinda.

"Sleyum, na wewe umesoma," ami akasema. "Ndivyo alivyosema?"

Sleyum alinitazama. Nilingoja anivue nguo mbele ya watu, maana mimi ningekuwa yeye ningemvua.

"Ndivyo, ami. Marhoon katafsiri sawa."

Badala ya kushukuru, nilizidi kumchukia. Hata kwa wema alikuwa amenipita.

Siku ya pili ami alimkubali Sleyum. Nikamfuata mke wa ami, bi Sayyida, jikoni, nikalalamika kwamba haki ya mtoto wa ami imevunjwa. Aliendelea kupepeta mchele wake.

"Haijavunjwa, mwanangu. Jana asubuhi Kheiria kanambia, 'Mama, nnamtaka Marhoon.' Jioni kakaa nyuma ya shuka, anatutafsiria sisi wanawake. Ya yule mfupi tumeyasikia, na yako tumeyasikia, na ya Sleyum pia."

Nilimuuliza kama Kheiria alisema lolote baada ya hapo.

"Kasema nisimwambie baba yake neno lile la asubuhi, maana kalibadilisha."