Mstari wa Kumi na Saba

Jumapili, tarehe 14 Januari, mwaka 2018, mavyaa wangu Peruze aliniita niketi karibu na jiko lake, akanipa sindano mbili na donge la uzi wa sufu, akasema atanifundisha kufuma gome la msonobari.

Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote, kila nilipoingia chumbani mwake huku akifuma gome la msonobari, alikuwa akiisukuma kazi chini ya paja na kuniuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Ufumaji ule ni mnene, wenye mifereji mirefu inayokwenda juu kama gome la miti inayosimama nyuma ya kijiji chetu, na upepo wa Kars, mkoa wetu wa theluji huko Uturuki, hauupenyi. Katika vijiji vyetu vitatu hapakuwa na mwingine aliyeujua.

Hakunifundisha kwa kunipenda. Binti yangu Nurdan alikuwa amechumbiwa na kijana wa kijiji cha bonde la chini, na mama wa kijana, Makbule, alikuwa ametuma neno: "Furushi la zawadi za arusi likija, tunatarajia kizibao cha baba mkwe kiwe cha gome la msonobari. Au siku hizi nyumba ile haifumi?" Kwetu, kizibao cha baba mkwe hufumwa na mama wa bibi arusi, na kwa kizibao hicho binti hupimwa. Kikiwa kizuri, ataketi na wanawake wa nyumba hiyo na kazi mkononi. Kikiwa kibaya, ataonyeshwa mlango wa zizi.

"Sikiliza, bibi arusi," Peruze akaniambia. Jina langu Sabriye hakulitumia; aliendelea kuniita hivyo hata nilipoota mvi. "Sindano usiiingize kwenye kitanzi kilicho mbele yako. Ishushe, uichome katika kitanzi cha mstari wa chini yake. Kimoja shusha, kimoja acha. Ukirudi, hivyo hivyo."

"Ni hayo tu, mama?"

"Ulitaka nini kingine? Nikupigie na zumari?"

Nilifuma majuma saba. Kitambaa kilitoka kinene na chepesi, mifereji yake imenyooka, na jirani zetu walikigeuza huku na huku wasione kasoro. Sikukiosha. Kwetu zawadi ya sufu haioshwi kabla ya kutolewa, kwa maana harufu ya kondoo ndiyo ushahidi kwamba haijavaliwa na mtu. Laiti ningelikiosha.

Nurdan aliolewa mwezi wa Septemba. Baba mkwe wake alikivaa kizibao majira yote ya baridi, akaenda nacho mkahawani akiwaonyesha wenzake, na Makbule akamtengea binti yangu mahali pazuri karibu na dirisha, penye mwanga wa kufumia. Nurdan alinipigia simu akicheka. "Mama, hapa mimi ni mtu."

Mwezi wa Mei theluji ilipoyeyuka, alikiosha kizibao.

Habari niliipata kwa mwanamke aliyepita njia ya kule. Kizibao kilipotolewa majini kilishuka, kikaendelea kushuka, na kilipokauka kilimfika mzee magotini, mashimo ya mikono yakiwa kiunoni. Makbule alikitundika kwenye uzio unaotazama barabara, kikakaa pale siku tatu. Kila aliyepita, Makbule alimwambia, "Dada Sabriye alituletea kizibao cha mtu mmoja. Sasa tutavaa wawili."

Nilimpigia binti yangu.

"Nimewaambia nilitumia maji ya moto," akasema.

"Ulitumia?"

"Hapana, mama. Yalikuwa ya vuguvugu, kama ulivyonifundisha. Lakini ningewaambia nini? Kwamba mama yangu hajui kufuma?"

Kwa hiyo aibu ikawa yake. Mtu anayeharibu sufu hapewi sufu. Mahali pa dirishani akaketi mke wa shemeji yake, na Nurdan akapewa ng'ombe kumi na mmoja na samadi ya kukausha iwe kuni.

Niliingia chumbani kwa Peruze bila kubisha. Alikuwa anakunywa chai, kipande cha sukari kikiwa shavuni.

"Ulinificha nini, mama?"

Hakujifanya hajui. "Mstari mmoja."

"Nurdan ni mjukuu wako."

"Na mimi nilikuwa mtoto wa nani?" Akaiweka istikani chini. "Mavyaa wangu alinifundisha kama nilivyokufundisha. Nilikiosha kizibao cha mume wangu, wakamvika punda, wakamzungusha kijiji kizima. Nilikaa majira mawili ya baridi kuutafuta mstari ule, nikaupata mwenyewe. Wewe unataka niuweke kiganjani mwako?"

"Ndiyo."

"Nenda kautafute, bibi arusi. Una macho."

Niliutafuta. Nilifuma vipande vyenye upana wa kiganja, nikaviosha, nikavitundika, nikavipima kwa shubiri, nikavifumua. Peruze alifariki katika majira ya pili ya baridi, na mpaka siku ya mwisho hakusema. Nilimwosha pamoja na wanawake wengine, na ninakiri kwamba nilitazama vidole vyake zaidi ya uso wake.

Mwezi wa Machi nikaupata. Nikafuma kizibao kipya, nikakiosha mara nne kikabaki vile vile, nikakipeleka kwa Makbule.

Alikivuta huku na huku. "Hiki kinakaa," akasema. "Basi asioshe Nurdan."

Nilifungua mdomo niseme kweli. Nurdan, aliyekuwa akinimiminia chai, mikono yake ikiwa imepasuka kwa maji baridi, aliniinamia sikioni. "Usithubutu. Miaka miwili nimebeba uongo kwa ajili yako. Ukiuvunja leo, watasema ukoo wetu wote ni waongo. Kunywa chai yako, uende."

"Nimeupata mstari, mwanangu. Nikufundishe."

"Wa nini? Ng'ombe hawavai vizibao."

Nikanywa chai, nikaondoka. Tangu siku hiyo Nurdan hupiga simu wakati wa sikukuu tu, na humwulizia baba yake kwanza.

Majira haya ya baridi mwanangu ameoa. Mke wake, Dilber, ni msichana mpole mwenye mikono myepesi. Juma lililopita alileta kiti chake karibu na jiko langu. "Mama, nifundishe gome la msonobari. Nataka kumfumia baba yangu."

Nikamfundisha. Kimoja shusha, kimoja acha. Tulipomaliza mstari wa kumi na sita, akasimamisha sindano. "Hapa hakuna kitu kingine?"

"Hakuna," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Akaendelea kufuma huku akiimba polepole, nami nikaketi nikimtazama, nikaona kwamba miguu yangu nimeikunja jinsi Peruze alivyokuwa akiikunja, na kazi yangu iko chini ya paja. Siku nne zimepita. Kila asubuhi nimekusudia kumwambia, na kila asubuhi nimemwuliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Kwa kuwa mdomo wangu umekataa, nimeandika kwa mkono, kwa herufi nilizojifunza ukubwani katika darasa la wanawake. Karatasi hii naiweka katika kikapu chake cha uzi. Dilber, babako asikivae kizibao kabla hujaisoma.

Baada ya kila mistari kumi na sita, upande wa ndani, weka sindano moja nene kando na ushike nyembamba. Fuma mstari mmoja mtupu: kila kitanzi peke yake, bila kushuka chini, ukikaza uzi. Huo ndio wa kumi na saba. Nje hauonekani. Ndio unaoshika kizibao kisishuke.

Nawe mwingine uliyeikuta karatasi hii, usiifungie sandukuni. Mpe mwanamke aliye chini yako nyumbani, umpe na mstari wenyewe, kabla hajagusa maji.