Mtani wa Kujiteua

Mume wangu Ézéchiel ana sifa nyingi, na mojawapo ni kwamba hajui kukaa bure. Bahati mbaya, mwishoni mwa mwaka 2008 Lubumbashi nzima ilikuwa inajifunza kukaa bure. Bei ya shaba ilianguka, viwanda vya kuyeyusha madini vikafungwa kimoja baada ya kingine, na mabwana wa migodi, hao tunaowaita mapatron, wakapanda ndege bila kuwaaga hata wapishi wao, wakaacha nyumba wazi na mbwa wenye njaa. Baba mkwe wangu, mzee Kataliko, alikuwa ametoka Butembo, mbali kaskazini, zamani kuja kuuza sabuni, betri na vitenge kwa jumla, na wanunuzi wake wote waliishi kwa mshahara wa mgodi. Mshahara ulipokatika, dukani waliingia inzi tu. Ézéchiel, aliyekuwa akishika duka hilo, aliwafukuza inzi wiki nzima, kisha akanitangazia kwamba amefungua blogu.

Nilimuuliza blogu inauza nini. Akasema haiuzi kitu. Nikamwambia basi itafanana na duka.

Aliandika Kifaransa kilichochanganywa na Kiswahili chetu cha mjini, kile cha 'njo' badala ya 'ndiyo' na 'bote' badala ya 'wote'. Aliandika juu ya vumbi, juu ya mvua, juu ya bei ya unga, juu ya mbwa wa Wazungu waliokuwa wakizurura mtaa wa Makomeno wakitafuta nyama ya kopo. Chini ya ukurasa palikuwa na kihesabu kinachoonyesha ni watu wangapi wamepita kusoma. Kihesabu hicho ndicho kilichotaka kuniulia mume. Kila mchana tulienda saiba ya jirani, kibanda cha kompyuta za kukodi, mimi na mtoto wetu Abigaëlle mgongoni, nikamwona akifungua ukurasa wake kwenye mashine moja, anausoma, anahamia mashine ya pili, anaufungua tena. Nilimwambia ni kama mtu anayejipigia simu ili majirani wasikie inalia. Hakucheka. Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwa sababu nilimwonea huruma.

Kisha akasoma mahali fulani kwamba mwenye blogu hapati wasomaji kwa kukaa kwake akingoja, lazima aende kuwabishia hodi wenzake. Basi akaanza kubisha. Aliacha maoni kwa mchungaji mmoja wa Abidjan, kwa mstaafu wa Liège aliyepiga picha za treni, na kwa mwanamke wa Québec aliyefundisha kufuma sweta. Kwa wote aliandika maneno yaleyale: nimekusoma kwa furaha, karibu nawe kwangu. Mama wa sweta alikuja kweli, akauliza kama Lubumbashi kuna baridi. Mume wangu alikesha na swali hilo, akamwandikia makala ndefu kuhusu baridi ya mwezi wa sita, yenye sehemu tatu na hitimisho. Mama wa sweta hakurudi tena, na mimi simlaumu.

Aliyerudi alikuwa Mutale.

Mutale Kalaba aliishi Mokambo, mpakani, ambako kazi yake ilikuwa kupitisha karatasi za malori kwenye ushuru. Malori yaliposimama, naye akabaki na mikono mitupu kama sisi, akawa anavuka kwenda upande wa Zambia kutafuta saiba na kuandika blogu yake. Maoni yake ya kwanza kwa mume wangu yalikuwa kwenye ile makala ya vumbi. Aliandika: "Weye njo mutu wa kwanza kuandika kurasa ine juu ya vumbi na kuacha musomaji musafi." Ézéchiel alisoma, akaona haya, akasoma tena. Alitaka kuyafuta. Nilimwambia ayaache, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameisoma makala mpaka mwisho.

Akayaacha, na akajibu. Mutale akamrudishia. Ikawa kila makala ya mume wangu inapigwa fimbo na Mutale, na kila makala ya Mutale mume wangu anakimbilia kuichokoza, kwanza kwa woga, kisha kwa raha kabisa. Wenye blogu wengine wakaanza kuja kutazama, mmoja kutoka Kolwezi, wawili kutoka Kinshasa, na bwana mmoja wa Likasi aitwaye Symphorien, mwalimu, aliyeandika kwa uzito kana kwamba kila sentensi itapigwa mhuri. Wakawekeana viungo vya kurasa zao, wakaitana ndugu. Kihesabu kikaanza kutembea bila kusukumwa. Ézéchiel alivimba kichwa kidogo, nami nilimwacha avimbe, maana nyumbani hakukuwa na kingine cha kuvimba. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba alikuwa haendi tena saiba kutazama kihesabu. Alienda kutazama kama Mutale amesema kitu. Mume wangu, aliyekulia dukani na hajawahi kuwa na rafiki ambaye si mteja, alikuwa amepata rafiki.

Habari tamu kuliko zote za Mutale zilikuwa za baba yake, mzee Kalaba. Mzee huyu aliendesha kreni kiwandani miaka mingi na aliogopa mbuzi. Walipomwachisha kazi mwezi wa kumi na moja hakukubali. Kila alfajiri aliamka, akavaa buti na kofia ya chuma, akaketi mlangoni akingoja gari la wafanyakazi lililokuwa haliji. Mutale aliyaandika hayo kwa kuchekesha, na tulicheka, ila mimi nilicheka nusu.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, Mutale aliandika mistari michache tu. Baba amefariki. Anazikwa Mokambo, wanangoja ndugu wafike.

Siku hiyo mtoto alikuwa na homa, sikwenda saiba. Laiti ningekwenda. Wenzao wote walikuwa wameacha pole chini ya ile habari, Symphorien ameandika aya mbili nzito, na mume wangu akaona pole yake itapotea katikati ya pole za wengine. Kwa miezi yote ile Mutale alikuwa amemfundisha kwamba hapa kwetu anayekupenda anakutukana. Isitoshe, alikuwa ameishi Lubumbashi muda wa kutosha kuona kwenye misiba watu wanaingia wakimcheka marehemu, wanaiba sufuria, wanalala njiani kuzuia jeneza, na wafiwa hawakasiriki. Basi akaandika: "Mwishowe muzee Kalaba alipata kazi yenye hakuna patron atamufukuza: kulala."

Alirudi nyumbani anatabasamu, akanisimulia. Nilikaa chini.

Nilimweleza kile ambacho kwetu, wenyeji wa huku, hata mtoto anakijua. Wanaomcheka maiti si watu wowote. Ni watani, na utani ni wa ukoo, unazaliwa nao. Kina Kalaba ni ukoo wa Mamba, na watani wao ni ukoo wa Samaki. Samaki akija kwenye msiba wa Mamba anaweza kusema lolote. Mimi mwenyewe ni wa ukoo wa Uyoga, na nikiwa Mokambo ningefunga mdomo. Nikamuuliza yeye, mtu wa Butembo, ni wa ukoo gani katika mto huu.

"Mama Abi," akasema, "nilifikiri njo urafiki."

Kesho yake tulienda pamoja. Symphorien alikuwa ameandika kwamba kuna watu hawastahili kuitwa ndugu, na wenzake wakamfuata, viungo vya blogu ya mume wangu vikaondolewa kimoja kimoja. Kihesabu kilikuwa kimepanda mpaka mahali hakijawahi kufika. Kila mtu alikuwa amekuja kumwona mtu asiye na adabu. Siku nyingine Ézéchiel angemwita mwenye saiba aje kushuhudia, lakini hata hakukitazama. Alikuwa anatazama jibu la Mutale, ambalo lilikuwa mstari mmoja: "Weye ni nani kwetu?"

Kutoka hapo hakula vizuri. Alisema hatajibu kwa mashine, atakwenda mwenyewe. Baba mkwe alikuwa na dereva anayekwenda kuangalia lori lililokwama mpakani, akatupa nafasi, akatupa na gunia la unga la kupeleka msibani. Njia nzima Ézéchiel alikuwa anafanya mazoezi ya kuomba radhi kwa Kifaransa. Nilimsikiliza mpaka Kasumbalesa, kisha nikamwomba apumzike, angalau kwa ajili ya dereva.

Msiba tuliukuta umepoa vibaya. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyekuwa anasema kitu. Niliuliza Samaki wako wapi. Mama mmoja akaniambia Samaki wote wa Mokambo walikuwa madereva na wapakiaji, na malori yaliposimama walitawanyika kutafuta maisha kwingine. Hakuna aliyebaki wa kumcheka marehemu, na hakuna aliyebaki wa kumchimbia, kwa sababu kwetu mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake, wanachimba watani. Mzee Kalaba alikuwa amelala ndani akiwangoja watu ambao hawakuwa njiani.

Mutale alikuwa mfupi, macho mekundu. Mume wangu alipojitaja, hakupokea mkono.

"Nilikuuliza weye ni nani kwetu," akasema. "Ulikuya kujibu?"

Ézéchiel akaanza Kifaransa chake. Kilikuwa kirefu, na ndani yake mlikuwa na neno la Kilatini. Wanaume kwenye viti wakamwangalia kama anavyoangaliwa mtu wa kodi. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kumshika mkono, kwa hiyo sikufanya lolote. Ndipo sauti ikatoka ndani ikiuliza kama ndiye yule wa mashine. Alikuwa mjane wa mzee Kalaba. Akamwita aingie.

Alimkalisha mbele yake mkekani, katikati ya wanawake, akamwambia mwanawe alikuwa amemsomea maneno yale kwa hasira, haraka haraka, naye hakusikia vizuri. Anataka kuyasikia kutoka kwake mwenyewe.

Mume wangu akaniangalia. Sikuwa na msaada wa kumpa. Akayasema, kwamba mwishowe mzee Kalaba alipata kazi yenye hakuna patron atamufukuza, kulala.

Wanawake wakafunika midomo. Mjane kicheko kikamtoka kama kikohozi, kikamshinda, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, na alipomaliza kucheka akalia, kilio kikubwa ambacho, walivyoniambia baadaye, walikuwa hawajakisikia kwake tangu mumewe afe. Wote tukalia naye. Ézéchiel alilia kuliko sisi.

"Tangu balimufukuza hakulala," mjane akasema alipopata pumzi. "Anakaa tu pa mulango na mabuti. Bote banakuya kunipa pole, hakuna hata mumoja mwenye alisema kama sasa analala." Akamgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni. "Samaki balikimbia. Huyu alikuya. Mupatie jembe."

Mutale akakataa. Alisema huyu si mtu wa kwetu, hata kwao ni mbali sana.

"Mutani njo anachimbaka," mama yake akamjibu. "Anatutukana, basi achimbe."

Hivyo ndivyo mwana wa duka la jumla, ambaye nyumbani akiombwa kupanda kitunguu anatafuta mtu wa kumfanyia, alivyopelekwa makaburini na jembe begani. Dereva wetu alimsaidia kidogo, kisha akaitwa kwenye lori lake. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Mikono yake ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akafunga vitambaa, akaendelea. Nilikaa pembeni na mtoto, nikampa maji, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikupata neno la kumchokoza. Niliogopa. Nilijua si kaburi lililokuwa likimsumbua. Kilichokuwa kinamsumbua ni lile swali, na aliyeliuliza alikuwa bado hajatokea.

Mutale alikuja jua likiwa linateremka. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akaangalia shimo ambalo lilikuwa limefika kiunoni mwa mume wangu na kupinda upande mmoja. Ézéchiel hakuinua kichwa.

"Unachimba sawa vile unaandikaka," Mutale akasema. "Unazunguka, unazunguka, chini haufike."

Mume wangu akaegemea mpini wa jembe, mabega yakaanza kumcheza, na sikuweza kujua anacheka au analia. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa alichofunga mkononi, akajipaka udongo hadi masikioni, akaendelea kuchimba. Mtoto wa marehemu haruhusiwi kushika jembe, kwa hiyo Mutale aliketi juu ya rundo la udongo, akaendelea kumtukana mpaka kaburi likafika kina chake.