Silabi Moja kwa Mfangano

Mama Phelesia, mwenzangu kazini, alinipiga kofi mkononi nilipojaribu kumnyang'anya maiki. Mume wangu Obare alikuwa ufuoni kisiwani Mfangano, abiria wameshapanda boti yake, na onyo letu alikuwa amelielewa kinyume kabisa. Nilitaka kupiga kelele mpaka koo lipasuke.

Siku hizi kituo chetu cha hali ya hewa hapa Homa Bay kina mitambo ya kujivunia. Wakati ule tulikuwa na redio moja iliyotegemea betri ya gari, na betri yenyewe ilitegemea jua. Asubuhi ile jua lilijificha, mtandao wa simu ulikuwa umekufa, na dhoruba ilikuwa njiani. Taa ya betri ilishakuwa nyekundu.

Mimi ningesoma onyo la Mfangano lote, kisha la ufuo wa chini ya Magunga lote, na redio ingezimika kabla sijamaliza. Mama Phelesia aliona kwamba habari zile mbili zilikuwa karibu pacha. Akayasema mara moja yaliyowahusu wote: "Upepo mkali unakuja. Msishuke ziwani." Kisha akaongeza tofauti tu: "Magunga mpaka mchana. Mfangano mpaka jioni. Rudieni." Akaachia kitufe, maana kusikiliza hakuli betri kama kusema. Nilimpenda yule mama kwa utulivu wake, nami jasho likinitiririka.

Wangwe, aliyeshika redio ya Magunga, alirudia sawasawa. Halafu, katikati ya mikwaruzo, nikamsikia Obare wangu.

"Nimesikia, Mama. Tusuke ziwani, mwisho jioni. Watu wako tayari kwa boti."

Kwetu ziwani "sh" hutoka "s", na hilo halikunishtua hata kidogo. Kilichonikata maini ni ile "si" iliyopotea. Mikwaruzo ilikuwa imeimeza, na katazo likageuka amri.

Ndipo niliponyoosha mkono nikala kofi.

"Rael, tukianza upya tutazimika katikati," alisema. "Yote ameyapata. Amekosa moja tu."

Akabonyeza. "Obare, si. Si. Msi." Akaachia, akainamisha sikio.

Mikwaruzo. Nilimwomba Mungu kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote ambayo angeisikia haraka.

"Aaa! Kumbe tusisuke! Sawa, Mama, nawasusa watu."

Taa ikazimika. Mama Phelesia alifuta maiki kwa kitambaa chake, akaniuliza kama kuna chai. Dhoruba ilifika tukiwa bado tunainywa, ikang'oa mabati sokoni.

Kesho yake Obare aliingia nyumbani amenuna.

"Yule mama wenu ana maringo," alisema akivua viatu. "Mtu anakuita kwa redio, hata jambo hakuna, ati si, si. Mimi ni mtoto?"

Nilitenga chakula. Nikamkatia ugali mkubwa kuliko wa kila siku, nikakaa karibu naye, nikamtazama akila.