Magunia ya Lambert Chini ya Ziwa

Nianze na Lambert, maana nikianza na mume wangu nitatukana.

Lambert ni shemeji yangu, mdogo wake Osée, mume wangu. Anachimba mawe ya shaba na kobalti kwenye mashimo ya nje ya Likasi. Mwaka jana wanunuzi walipofunga maghala yao, alibaki na lundo la magunia ambayo hakuna aliyeyataka. Mwenye nyumba wake kule Shituru hakutaka kuyaona uani, basi akayaleta kwetu, ukingoni mwa ziwa Tshangalele, akisema atayaosha siku moja yapate bei. Hakuosha hata jiwe moja. Kuku wangu walitaga katikati yake.

Wakati huo mimi nilikuwa natafuta kitu kizito. Samaki walikuwa wameisha ziwani kwetu, na asiyejua sababu ni yule asiyetaka kujua. Ni sisi wanawake. Tulikuwa tunakokota vyandarua vya mbu kwenye maji ya kiunoni, tunazoa vitoto vya samaki, tunavianika na kuviuza kwa kopo. Nilichoka. Nikaanza kutengeneza nyumba za samaki: fremu za mianzi, ndani nimeshindilia matawi ya mpera, zote zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ukiizamisha nyumba kama hiyo, vitoto vinajificha ndani, vinakula ule utelezi unaoota kwenye matawi, na chandarua kikipita hapo kinachanika. Ila mianzi inaelea. Nilitaka mawe ya chokaa kutoka Kakontwe ya kuizamisha, lakini madereva wa malori hawakutaka kusikia habari ya barabara yetu.

Ndipo Lambert akawa mwema.

"Mama Jenny, kamata ile magunia yangu," aliniambia. "Teneur iko chini, shaba iko kidogo sana ndani, hakuna muntu atanunua ile majiwe. Afazali isaidie samaki."

Nilimpikia bukari, ugali wetu, na kuku. Kuku anayetaga. Hadi leo roho inaniuma kwa ajili ya kuku yule.

Tulizizamisha nyumba zote, mimi na Osée, kila fremu na magunia yake, mpaka ghuba yetu ndogo ikajaa. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake waweke vyandarua vyao kando. Marcelline, jirani yangu, ndiye aliyenisumbua zaidi. Ni mjane, na watoto wake walikuwa wanaishi kwa vile vitoto vya kopo.

"Na batoto yangu batakula nini mupaka samaki bakomae?" aliuliza.

"Vumilia, dada. Mvua ingine ikifika, tutakula bakubwa."

Akakikunja chandarua chake. Watoto wake walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, masika yote. Kila tulipokutana aliuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado kidogo." Na haikuwa uongo, kwa sababu samaki walirudi. Ukichungulia kutoka mtumbwini uliwaona wakiingia na kutoka kati ya matawi, nami niliona fahari, sifichi.

Wiki iliyopita nilikwenda Likasi sokoni, nikalala kwa dada yangu. Niliporudi asubuhi nilikuta mianzi yangu inaelea ghuba nzima. Ukingoni magunia yalikuwa yamepangwa yanachuruzika maji, na pikapu inasubiri. Lambert na Osée walikuwa wamelowa hadi nywele.

"Osée, munafanya nini?"

Osée alijifanya anakunja kamba. Lambert ndiye aliyejibu.

"Mama Jenny, usikasirike. Iko acheteur mupya, ananunua hata teneur ya chini. Na iyi magunia njo yangu, nilikukopesha tu."

"Ulinipatia. Ulikula na kuku yangu."

"Tutakutafutia majiwe ingine."

Nilimgeukia mume wangu. "Na weye ulimusaidia?"

"Ni ndugu yangu," Osée alisema. "Ningemukatalia namna gani?"

Ndugu yangu. Katika ukoo wa mume wangu neno hilo linafungua kila mlango, hata wa chumba cha kulala. Nilichomoa kisu nikapasua gunia lililokuwa karibu, mawe yakamwagika topeni. Dereva wa pikapu akacheka. Lambert akainama akaanza kuyaokota taratibu, kama mtu anayeokota maharage ya mkewe, na hapo nilitamani kumzamisha yeye.

Marcelline alikuja na chandarua begani, bado kina alama za mikunjo. Wanawake wengine walikuwa nyuma yake. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata wa kugombana naye.

"Mama Jenny," alisema kwa upole, "batu ba ng'ambo beko banakuja."

Nikatazama ziwani. Kweli, mitumbwi ya ng'ambo ilikuwa imeona mianzi inaelea, na kila mtu kule alijua maana yake. Ghuba ilikuwa tupu, hakuna tena kitu cha kuchana wavu. Samaki wangu hawakuwa na pa kwenda.

"Tubaache babakamate?" Marcelline aliuliza.

Niliingia ndani, nikapanda kitandani na viatu vyangu vya matope, nikakifungua chandarua chetu kutoka darini. Osée alisimama mlangoni.

"Ile ni ya kitanda, Mama Jenny. Na malaria?"

"Umuulize ndugu yako."

Nikaingia majini hadi kiunoni. Marcelline alishika upande wa pili. Kwa kawaida tunaimba tukivuta, lakini siku ile hakuna aliyeanzisha wimbo. Tulipokiinua mara ya kwanza kilikuwa kizito, kimejaa samaki ambao hawajafikia hata upana wa kiganja. Nilikuwa nalia kwa hasira, mbele ya watu wote.

"Vuta, Mama Jenny," Marcelline alisema.

Nikavuta.