Masaa Matatu Bila Waifai

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mume wangu, dereva wa malori anayekaa barabarani wiki mbili mbili, husema nawaka haraka kuliko njiti ya kiberiti. Na asubuhi ile ya Jumamosi niliwaka hasa.

Chanzo ni simu ya binti yangu mkubwa. Ana miaka kumi na tatu, na hasikii tangu alipougua homa akiwa mchanga. Nyumbani tunaongea kwa lugha ya alama, na alama zangu ni za polepole, za mtu aliyejifunza ukubwani. Yeye akikaa mbele ya simu na wenzake, mikono inaruka mpaka nabaki kutoa macho. Mama mwingine anaweza kupita mlangoni akadaka neno moja mawili, akajua mwanawe anaongea na nani, na kuhusu nini. Mimi hata nisimame pale mpaka miguu iote mizizi, siambulii kitu. Na muhula ule maksi zake zilikuwa zimeporomoka, na kila nikichungulia namkuta anacheka na kijana mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa. Nikimuuliza huyu nani, ananijibu: mwenzangu. Mwenzako wa nini? Anainua mabega.

Laini ya simu yake nilishaitoa mwezi uliopita. Akabaki na waifai ya nyumbani. Ndipo nikamwita fundi wa intaneti, akanionyesha jinsi ruta inavyoorodhesha kila kifaa cha ndani: simu yangu, televisheni, kompyuta ya baba yao, simu ya binti. Unagusa kifaa kimoja, unapaka rangi nyekundu masaa unayotaka kifungwe, na vingine vyote vinaendelea kama kawaida. Fundi aliniuliza kama nataka niweze kubadilisha hata nikiwa mbali. Nikamwambia thubutu! Nisije nikaingiliwa na wahuni. Ibaki humu humu ndani.

Basi Jumamosi ile, nusu saa kabla ya kutoka kwenda kazini, nikakaa na ile kompyuta nikapaka nyekundu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Masaa matatu ya kusoma. Binti alikuwa amesimama pembeni yangu, anaona kila kitu.

"Na nikikuhitaji?" akauliza kwa mikono.

"Masaa matatu hutanihitaji," nikamjibu.

"Basi nitalala."

"Lala!"

Nikabeba mkoba. Nikambusu mdogo wake, ambaye tunamwita Bosi kwa sababu ana miaka mitatu, hafanyi kazi yoyote, na kila mtu anamtii. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Nilifunga mlango wa mbele kwa ufunguo kutoka nje na kuutia ufunguo mkobani, ili binti asitoke kwenda kutafuta waifai ya watu. Nilijiona mjanja kweli kweli. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani, na kila mara nashinda mimi.

Mimi napiga pasi kwenye kiwanda cha kufua nguo za hoteli. Mashuka, vitambaa vya meza, makoti meupe ya wapishi. Tuko kumi na wawili kwenye meza ndefu, simu zetu zinakaa kwenye droo ya msimamizi mpaka mapumziko. Na kuna sheria moja ambayo haina msamaha: kengele ya saa sita ikilia, hakuna anayeondoka mezani mpaka azime pasi yake na kusema kwa sauti, "Nimezima!" Msimamizi anatia tiki kwenye daftari, mmoja mmoja, kuanzia mwanzo wa meza.

"Nimezima!" "Nimezima!" "Nimezima!" Ikaja kwangu. Nikabonyeza swichi, nikafungua mdomo kusema. Badala yake niliona jiko langu. Niliona sufuria ya maharage niliyoibandika saa tatu, imejaa maji mpaka ukingoni, moto mdogo, nikisema nitaizima kabla ya kutoka. Halafu tukagombana.

"We, umelala?" msimamizi akauliza. "Umezima hujazima?"

"Sijazima," nikasema.

"Taa ya pasi yako hiyo hapo imezimika."

"Sijazima nyumbani!"

Nikamnyang'anya droo. Namaanisha droo nzima, nikaivuta mpaka ikatoka. Nikapiga simu ya video kwa binti, maana kwetu hiyo ndiyo sauti: simu inatetemeka, anaona uso wangu, tunaongea. Haikuunganika. Nikaandika: ZIMA JIKO. Tiki moja. Nikaikodolea macho ile tiki nikiisihi iwe mbili. Ndipo akili ikanirudia vizuri. Ilikuwa saa sita na dakika tatu, na mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki, nilimfungia mtoto waifai mpaka saa saba.

Nikampigia fundi. Nilimwelezea kwa pumzi moja.

"Pole, mama," akasema. "Hiyo inafunguliwa ukiwa ndani ya nyumba tu. Si ulisema mwenyewe hutaki ya nje?"

"Najua nilisema nini!"

"Ningekusaidia, kweli tena, lakini hata mimi nilijifungia nje."

Nikampigia jirani yetu, Mama Redio. Tumempa jina hilo kwa sababu habari zote za mtaa zinatangazwa kwake kwanza. Nikiwa nakimbia kuelekea getini, bado nimevaa aproni ya kazini, nikamwambia aende mlangoni kwangu haraka, watoto wako ndani na nimeacha jiko la gesi. Nikamsikia akiburuza ndala, anahema, anagonga.

"Nimegonga mpaka mkono umeuma," akasema. "Huyu mtoto hafungui."

"Mama Redio, hasikii!"

"Ala! Nisamehe jamani, nimechanganyikiwa. Na mlango wenyewe umefungwa."

"Ufunguo ninao mimi."

Mama Redio, ambaye sauti yake husikika mtaa mzima, alisogea dirishani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Shoga, hapa dirishani kuna harufu. Kama gesi hivi."

Nilishika nguzo ya geti. Basi nitalala, alisema. Na mimi nikamwambia lala. Mtoto hasikii sufuria ikifoka, hasikii gesi ikivuja, hasikii mtu akigonga, na amelala na mdogo wake kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, kwa amri yangu.

"Kuna ile swichi yenu ya mlangoni," Mama Redio akasema. "Ile ya kumulika taa sebuleni ili ajue kuna mgeni. Ngoja niibonyeze, akiwa amelala labda mwanga—"

"Bonyeza!" Na hapo hapo nikakumbuka maneno ya muuza gesi, kwamba harufu ikijaa usiguse umeme wowote, kacheche kamoja tu kanatosha. "Usibonyeze! Mama Redio, usiguse! Toa mkono!"

"Nimeutoa, nimeutoa! Mungu wangu, kidole kilikuwa juu yake!" Akaanza kulia. "Sasa nifanye nini mimi? Nivunje kioo?"

"Vunja!"

"Kuna nondo."

"Vunja hivyo hivyo, hewa iingie!"

Nilipata bodaboda kwenye kona. Yule dereva aliniona nilivyo, hakuuliza hata naenda wapi mpaka tulipokuwa tayari tunakwenda. Simu nilikuwa nimeibana sikioni, nasikia jiwe likigonga kioo, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha vipande vikianguka. "Naita!" Mama Redio akapiga kelele. "Naita na hakuna anayeitika!" Sikuwa na nguvu ya kumkumbusha tena. Kila taa ya barabarani ilikuwa nyekundu, kama ile rangi niliyopaka. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya aibu kabisa. Nilimwambia achukue simu zote, achukue maksi zote, mtoto awe wa mwisho darasani mpaka azeeke, mradi nimkute anahema.

Tulifika saa saba kasoro dakika nane. Mama Redio alikuwa amekaa chini mbele ya mlango, khanga imejaa vumbi la kioo. Ufunguo uligoma kuingia, nilikuwa nimeushika kinyume. Nilipoingia harufu ilinipiga usoni, nikaziba pua kwa aproni na kukimbia moja kwa moja chumbani kwa watoto.

Kitanda kilikuwa kitupu. Hakuna mtoto, hakuna hata godoro.

Jikoni, maji ya maharage yalikuwa yameganda kwenye jiko zima. Kitufe kilikuwa kimezungushwa mwisho, kimezimwa. Mtungi haukuwepo mahali pake, na sakafu ilikuwa na mchirizi mweupe wa kitu kizito kilichoburutwa mpaka mlango wa nyuma. Mlango huo hufungwa kwa komeo tu, kwa ndani, na unatoka kwenye kiua chetu kidogo chenye ukuta mrefu pande zote. Ulikuwa wazi.

Mtungi ulikuwa katikati ya kiua, juani, peke yake. Na kwenye pembe ya mbali kabisa, chini ya kamba ya nguo, lilikuwa godoro. Binti yangu alikuwa amekaa juu yake amenipa mgongo, bega moja limeegemea ukuta, kichwa kimeinama. Bosi alikuwa kifudifudi mapajani mwake. Hakuna aliyetikisika.

Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, kwa sauti yangu yote, mtoto ambaye hajawahi kunisikia. Halafu nikatembea zile hatua kumi, ambazo sitamani mtu yeyote azitembee, nikamgusa bega.

Aliruka akapiga yowe. Bosi akaamka akaanza kulia kwa hasira, maana aliharibiwa usingizi wake. Mimi nikaanguka pale pale godoroni nikawakumbatia wote wawili, nikawanusa vichwa, nikawabana mpaka Bosi akanipiga kofi la pua. Nilikuwa nalia na kucheka, na Mama Redio mlangoni alikuwa analia kuliko sisi wote.

Binti alijitoa taratibu. Akaniangalia usoni, kwa makini, kama mtu anayepima maji ya moto kabla ya kutia mkono. Akauliza kwa alama, "Bado umekasirika?"

Kabla sijainua mikono kumjibu, simu yangu ililia. Ikalia tena, na tena, haikomi. Saa saba kamili. Ruta ilikuwa imefuata ratiba niliyoipangia, na simu yake, iliyokuwa pale godoroni, ilikuwa imefunguliwa. Vyote alivyoniandikia vikaja kwa mkupuo.

Saa tano na dakika thelathini na nane: *Mama, maharage yamemwagika, moto umezimika.*

Saa tano na dakika thelathini na tisa: *Inanuka sana. Nimezima jiko. Nifungue madirisha au nitoke nje na Bosi?*

*Mama?*

*Nimemwandikia yule mwenye kofia pia, baba yake anauza gesi, yeye angejua. Hajibu.*

*Mlango wa mbele umefungwa.*

*Mama najua umekasirika. Nijibu hili moja tu, halafu uendelee kukasirika.*

*Nifungue madirisha au nitoke?*

*Mama, tafadhali.*

Nilisoma mpaka herufi zikapotea kwenye machozi. Kwa hofu alikuwa ameisahau ile rangi nyekundu, akadhani naziona. Dakika zote zile, akiburuta mtungi mzito kuliko yeye, akiburuta godoro, akimbembeleza mdogo wake, alidhani mama yake anasoma maneno yake mahali fulani na anamnyamazia kusudi. Na alikuwa na haki ya kudhani hivyo, maana nilishawahi kumnunia siku nzima, hata mara mbili.

Nilitaka kumweleza. Nilianza alama moja, nikaiacha, nikaanza nyingine; kila niliyojaribu ilivunjika njiani. Kwa hiyo nikaishika simu kwa mikono yote miwili na kumjibu palepale alipouliza, akiwa amekaa mbele yangu magoti yetu yakigusana. Nikaandika: *Toka nje, mwanangu. Chukua mdogo wako, toka nje.*

Simu yake ikatetemeka kwenye godoro. Akaiokota, akasoma, akaisoma tena. Kisha akaiweka chini ili mikono yake iwe huru, na polepole, kwa ajili yangu, akanijibu.

"Nimeshatoka, mama."